Shem, shule za huku hazimpi mtoto hata panadol bila wewe

Shem, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho. Viza mnazo, mnakuja Texas na dada na watoto, halafu mtu kakwambia shule za serikali za Marekani zinamdunga mtoto sindano na kumpa vidonge bila mzazi kujua, na kwamba ukimgusa mwanao wanamchukua. Najibu hapa ili na wengine wanaoniuliza hilohilo wasome.

Hilo la vidonge ni uongo. Kinachotusumbua huku ni karatasi. Mwanangu akishikwa na kichwa akiwa darasani, nesi wa shule hampi hata panadol kama hana maandishi yangu, na dawa yenyewe lazima niwe nimeipeleka mimi ikiwa kwenye chupa yake, jina na maelezo yote yakisomeka. Vidonge viwili ndani ya kipande cha karatasi, kama tulivyozoea kufungiwa nyumbani, vinarudishwa mlangoni.

Tangu Septemba 2025 imekaza zaidi. Bunge la Texas lilipitisha sheria, Gavana Greg Abbott akaitia sahihi, inayotaka ridhaa ya maandishi ya mzazi kabla shule haijamhudumia mtoto kiafya, na inakataza shule kumficha mzazi habari za afya ya mwili au akili ya mwanawe. Mwanzoni baadhi ya manesi waliogopa hadi wakawa wanapigia wazazi simu kuuliza kama mtoto aliyejikwaa anaruhusiwa plasta. Ikabidi waliotunga sheria wafafanue kwamba plasta hawakuikusudia. Dharura nayo haingoji sahihi ya mtu.

Mimi naona wamezidisha. Nesi kasomea kazi yake, na mzazi aliye kazini kwenye ghala simu yake imefungiwa kabatini mpaka mapumziko. Mtoto anakaa kwenye kiti cha nesi, barafu kichwani, akingoja mama apokee.

Ila usichukue Texas ukadhani ndiyo Marekani. Florida ilitangulia: tangu 2022 shule lazima imtajie mzazi huduma za afya zilizopo mwanzoni mwa mwaka, naye anaweza kukataa yoyote. Nenda jimbo la Washington, mtoto wa miaka 13 anaruhusiwa kumwona mshauri wa afya ya akili kwa ridhaa yake mwenyewe. Huenda aliyekusimulia alisikia la huko akalitandaza nchi nzima.

Sasa nikwambie pale haki hizi zinapopotelea. Mwezi wa nane, kabla shule hazijafunguliwa, unatumiwa rundo la fomu kwenye simu. Kipimo cha macho, masikio, uti wa mgongo, ushauri nasaha, ruhusa ya klabu, picha za mtoto. Kila kimoja ndiyo au hapana. Ukiwa umetoka shifti ya usiku unabonyeza tu ili uende kulala. Majirani zangu wengi wanafanya hivyo, kisha mwezi wa kumi wanalalamika kwamba hawakuulizwa. Waliulizwa. Kaa na dada mkazisome pamoja.

Kama Kiingereza kinawapa shida, dai mkalimani. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na haipaswi kumtumia mtoto kutafsiri. Jirani mmoja Mkongo alikuwa akienda vikaoni na kijana wake kama mkalimani. Muhula mzima mwalimu "alikuwa akimsifu" kijana. Alipoomba mkalimani wa Kiswahili kwa simu, akasikia habari nyingine kabisa.

Kuhusu fimbo, utacheka. Texas bado inaziruhusu wilaya za elimu kuchapa wanafunzi zikitaka, na nyingi hazifanyi hivyo. Lakini hata hapo mzazi ana karatasi yake: ukiandika kila mwaka kwamba hutaki, mwanao hachapwi.

Nyumbani kwako ni habari nyingine, na hapa aliyekwambia hakukosea sana. Kumrudi mtoto kwa kiasi si kosa kwa sheria za Texas. Lakini mwalimu au nesi akiona alama mwilini akashuku mateso, lazima aripoti. Hakupigii simu kwanza, hakuombi ridhaa, na asiporipoti anashitakiwa yeye. Maofisa wa ustawi wa watoto watakuja kwako, watazungumza na mtoto, watafungua friji. Mara nyingi jambo linaishia hapo. Mara nyingine mtoto anaondolewa kweli. Kwa hiyo ule mkanda wako, shem, uje nao kwa ajili ya suruali.

Chanjo shule haimvizii mtoto. Inataka uthibitisho kwamba amekwisha kuchanjwa. Texas inamruhusu mzazi kukataa kwa sababu za dhamiri kwa fomu maalumu. New York iliufuta msamaha wa kidini, yaani ruhusa ya kukataa chanjo kwa sababu za dini, 2019, na California iliamua mwaka 2015 kwamba imani binafsi si sababu. Msamaha wa hapa una gharama zake. Mwaka 2025 surua ililipuka magharibi mwa Texas, wagonjwa 762 wakathibitishwa, na watoto wawili ambao hawakuchanjwa wakafa. Usimsikilize atakayekwambia usaini ile fomu.

Kwa hiyo kadi za kliniki za watoto zije kwenye begi la mkononi. Zina pepopunda, polio, surua na rubela, lakini Texas inataka pia matubwitubwi, tetekuwanga na homa ya ini aina ya A, ambazo ratiba ya kliniki zetu haina. Baadhi watakuwa wamechomwa kwenye kipimo cha viza, basi omba nakala yenye tarehe. Na wakipimwa kifua kikuu kwa sindano ya ngozini, mwambie daktari mapema kwamba walichanjwa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, walipozaliwa, kwa sababu chanjo hiyo inaweza kufanya ngozi ivimbe bila ugonjwa. Mwombe apime kwa damu.