Lori linavuta kushoto hata baada ya alaimenti: anza kupima nyuma

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naendesha lori la difu mbili (ekseli mbili za nyuma zinazosukuma), Dar hadi Kolwezi, Kongo. Tripu mbili hizi linavuta kushoto. Nikilegeza mkono kidogo tu linakimbilia pembeni. Tajiri mwenye lori ameshalipia alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, mara 3. Tukitoka pale usukani umenyooka, baada ya wiki umekaa upande tena. Tairi moja ya mbele inalika kwa ndani, mwenzake kwa nje. Tatizo ni nini? Dereva, Tunduma.

JIBU: Pole sana kaka. Kushikilia usukani kulia siku nzima ni kazi ya kuua mabega, na ukisinzia sekunde moja uko mtaroni.

Tuitoe barabara kwanza. Kwetu tunapita kushoto, na lami huinuliwa mgongo katikati ili maji yateremke kando, kwa hiyo lori lolote huegemea kushoto kidogo. Wewe unacho kipimo ambacho wengi hawana: ukivuka mpaka wa Zambia na Kongo pale Kasumbalesa unahamia kulia, na mteremko nao unageuka. Kama Kongo nako linavuta kushoto vilevile, barabara haina kosa.

Pima upepo tairi zikiwa zimepoa. Badilisha tairi za mbele, ya kushoto iende kulia. Mvuto ukihama nazo, ni tairi. Kisha tembea kidogo bila kukanyaga breki, simama, sogeza kiganja karibu na kila drumu bila kuigusa. Yenye joto kuliko wenzake, breki yake haiachii.

Hayo yakiwa sawa, nakwambia wazi: hizo alaimenti 3 zilirekebisha mahali pasipo na ugonjwa. Walichokaza ni tairodi ya mbele, fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya usukani. Tairodi ikikosea, tairi zote mbili hulika upande mmoja, zote ndani au zote nje. Zako moja ndani, moja nje. Hiyo ni dalili ya ekseli za nyuma kukaa mshazari: zinasukuma mkia kulia, pua inageukia kushoto, na wewe unapinda usukani kulia ili lori liende mbele. Wakikunyooshea usukani, nyuma pamebaki vilevile.

Ingiza lori bila mzigo kwenye sakafu tambarare, liende mita kadhaa moja kwa moja, weka kabari. Chagua tundu la kiwandani kwenye chesisi, mbele ya difu zote mbili, lilelile kushoto na kulia. Teremsha timazi, weka alama chini. Fanya hivyo katikati ya habu (vitovu vya magurudumu) za difu ya kwanza kati ya zile mbili, upime umbali kati ya alama hizo pande zote mbili. Lori huvuta upande wenye umbali mfupi. Kisha pima kati ya difu mbili zenyewe. Vipimo vya kiwanda cha gari lako ndivyo vinavyoamua. Mimi tofauti ikizidi milimita 3 siliachii lori litoke.

Tofauti ya milimita 6 inaonekana kitu kidogo. Kwenye ekseli ya mita 2 ni milimita 3 kwa kila mita, yaani kila kilomita tairi zinataka kwenda mita 3 kando. Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900: karibu kilomita 3 za kuburuzwa ubavu, na dizeli unalipa wewe.

Sasa piga tochi pale ekseli inapokalia springi. Mwaka jana niliona kwenye lori moja mstari wa chuma kinachong'aa, upana wa ukucha wa kidole kidogo, na unga mwekundu wa kutu pembeni yake. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana ekseli kwenye springi, zilikuwa zimelegea, sentabolti ya katikati ya springi imekatika, ekseli inatembea kila mzigo ukipanda. Kwa kuwa usukani wako unarudi upande baada ya wiki, nashuku hilo kwako, au bushi za toki rodi, fimbo zinazoshika ekseli isisogee, zimekwisha.

Tela nalo lisisahaulike. Likate (litenganishe na kichwa), zunguka na kichwa kitupu. Kikinyooka, pima kutoka kingpini ya tela (pini inayoliunganisha na kichwa) hadi ncha mbili za ekseli yake ya kwanza.

Fundi akitaka kupasha ekseli moto ili aipinde, mkatalie. Chuma kile kikishalainishwa hakirudi nguvu yake. Weka yubolti na sentabolti mpya, kaza kwa kipimo, na baada ya safari fupi ya mzigo rudi zikazwe tena. Alaimenti ya mbele ije baada ya hapo, na tairi mpya za mbele tajiri asizinunue kabla nyuma hapajalingana.