Barabara Kuu Chini ya Kitanda

SWALI: Mzee Fundi, shikamoo. Mdogo wangu na mumewe wanaishi Haberfield, Sydney, kule Australia. Anasema barabara kuu ya WestConnex inapita chini ya mtaa wao, magari yanakimbia na juu watu wamelala. Tangu asikie hayo, mama hapa Manzese hana usingizi, anasema nyumba itazama. Ni kweli? Na wakichimba hivyo Dar, tutapona?
Dada Mkubwa, Manzese

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mwambie mama alale. Sydney imekaa juu ya jiwe mchanga. Mashine yenye kichwa cha meno hulitafuna kidogo kidogo, kisha dari inashikwa kwa nondo na zege la kurushiwa. Handaki la Haberfield hadi St Peters, kilomita 7.5, lilifunguliwa Januari 2023, kwa hiyo shida kubwa imeshapita. Wakati wa kuchimba, mlio hupanda na mwamba hadi ukutani, na usiku unasikia kama mtu anasaga mawe uvunguni. Wapo waliolalamikia nyufa, na minara ya kutolea moshi nayo ilizua ugomvi.

Dar ni habari nyingine. Sisi tuna kichanga na mfinyanzi, na bonde la Msimbazi lote maji yako karibu. Mimi shimo silihofii kama ninavyohofia pampu. Ukinyonya maji ardhini, udongo unajibana na nyumba inashuka nao. Seattle, Marekani, mashine ya kipenyo cha mita 17.5 ilikwama Desemba 2013. Walipochimba shimo la kuifikia huku wakipampu maji, mwisho wa 2014 ardhi ya jirani ilionekana imeshuka kama sentimita 3. Nyumba ya tofali za kuchapa, msingi wa kubahatisha, haivumilii hizo.

Na fidia? Kule Sydney, sheria ya jimbo lao ya mwaka 1991 hailipi kwa kutwaa udongo wa chini peke yake, mpaka juu kuguswe. Hapa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inahesabu hata kilicho chini kuwa ardhi, ukiondoa madini na mafuta. Lakini bila ushahidi sheria haikusaidii. Mtaani kwangu Sinza walipitisha rola la kutetemesha, ukuta wa baraza ukachanika kuanzia kona ya dirisha. Kijana wa mkandarasi akaja, akapitisha kidole: “Mzee, huu ni wa zamani.” Picha sikuwa nayo. Fundi mzima! Lipu nikanunua mwenyewe.

Siku hizi kila ufa naukata kistari cha penseli kwenye ncha yake na kuandika tarehe. Ukivuka kistari, najua unatembea. Mdogo wako naye aulize kama nyumba ilipigwa picha kabla ya uchimbaji, aombe nakala, alinganishe ukuta kwa ukuta, aanzie kona za milango.