Majani Yakidondoka, Besi Wako Wapi? Majibu kwa Wasomaji

Safari hii barua za Marekani zimekuwa nyingi na tatu zimegusa kitu kimoja, uvuvi wa samaki aitwaye besi (bass) kwa kushuka na mto kule Missouri, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Wa visa na makaratasi mtanisamehe, nyie toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo kaka. Niko St. Louis mwaka wa tatu sasa, nafanya shifti ya usiku kwenye ghala. Mzungu mmoja tunayefanya naye kazi kanialika mwezi wa kumi tukashuke mto Meramec na mtumbwi tukavue besi, wale wa mdomo mdogo. Anasema tunaingia majini asubuhi, tunatembea maili 12, jioni tunatoka. Mimi nimekulia Mwanza, uvuvi naujua lakini ni wa ziwani, sato na sangara, mambo ya mto sijawahi. Hao samaki mwezi wa kumi wanakula kweli au tunaenda kupigwa baridi ya bure? Na nibebe nini? — Mtoto wa Ziwani

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wanakula, tena vizuri tu, ila huyo rafiki yako mwambie apunguze maili. Maili 12 ni safari ya mwezi wa saba, watu wako na bia zao na muziki na jua linazama saa mbili na nusu usiku. Katikati ya Oktoba jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni, na wakisharudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba ndo basi tena, saa kumi na moja jioni limeshaondoka. Toa hapo muda wa kupeleka gari moja mnapotokea na kurudi na lingine mnapoanzia, toa muda wa kuburuta mtumbwi kwenye kokoto maana vuli maji yanakuwa machache, utakuta siku nzima mnapiga makasia na ndoana haijagusa maji. Maili 5 au 6 zinatosha kabisa.

Na sio swala la muda tu. Kiangazi besi wanatawanyika, unampata kwenye mkondo wa kasi, nyuma ya jiwe, chini ya gogo, karibu kila mahali. Maji yakianza kupoa wanaanza kuacha zile sehemu za kina kifupi na kukusanyika kwenye mabwawa, yaani pale mto unapopanuka, unatulia na kuwa na kina. Sasa hapo maana yake sehemu kubwa ya mto inabaki tupu na sehemu chache zimejaa. Mtu anayekimbiza maili anapita juu ya tupu na juu ya iliyojaa kwa mwendo uleule, jioni anasema mto hauna samaki. Wewe zile tupu zipite haraka hata usirushe, ukifika bwawa zuri simama saa nzima.

Kitu cha kuangalia ni joto la maji, kalenda weka pembeni. Nunua kipimajoto cha bei ndogo kifunge kamba kwenye mtumbwi. Maji yakiwa kwenye nyuzi 60 na kitu za Fahrenheit (kama 16 hadi 20 za Selsiasi) besi bado ana nguvu ya kufukuza chambo na anakula sana kwa ajili ya baridi inayokuja. Yakishuka chini ya 50 (10 za Selsiasi) anakaa chini kabisa kwenye shimo, anakula kidogo na hasogei mbali kufuata kitu. Kwa hiyo Oktoba kwa kawaida ni nzuri, Novemba unachagua siku, unataka siku mbili tatu za jua mfululizo, na usijitese kuamka alfajiri kama unaenda kuvua sangara, acha jua lipige maji kwanza, kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi ndo wanachangamka.

Ukifika kwenye bwawa anzia juu, pale mkondo unapomwagikia kwenye kina, halafu tafuta mawe makubwa, ngazi za mwamba chini ya maji na magogo yaliyolala sehemu tulivu yenye kina cha kumpita mtu. Gogo lililo kwenye maji ya kasi achana nalo, kwa samaki na kwa usalama wako pia, maana mti ulioangukia mkondoni unapitisha maji lakini mtumbwi na mtu vinabanwa hapohapo, na hiyo ndo hatari kubwa ya mito ya kule, kuliko hata kina.

Ushauri mwingine ambao najua rafiki yako atabisha: mtumbwi ni usafiri tu, usivulie ndani yake kama unaweza kushuka. Vuli maji ya Ozarks, hiyo milima ya kusini mwa Missouri, ni meupe, unaona kokoto moja moja chini, na kama wewe unaziona basi besi naye anakuona umesimama juu yake unagonga kasia kwenye ubavu wa bati. Egesha kwenye kokoto upande wa juu, shuka taratibu, rusha mbali.

Chambo usihangaike na boksi zima. Chukua plastiki laini ya rangi ya hudhurungi au kijani chafu inayofanana na kamba wa mtoni, maana hao kamba ndo ugali wa besi kule, ivishe kwenye ndoana yenye kichwa cha madini ya risasi cha kama gramu 5, mshipi mwembamba wa nguvu ya ratili 6 au 8. Rusha, acha izame mpaka mshipi ulegee, hapo ujue imegusa chini. Inua ncha ya fimbo kidogo, plastiki inaburuta kokotoni, unasikia tik tik mkononi, simamisha, hesabu mpaka tano, vuta tena. Maji yakiwa ya baridi besi hanyakui chambo kwa fujo. Mshipi unasogea pembeni kidogo tu, au unaona mkono umekuwa mzito, na wengi hapo wanadhani wamenasa jani wanasubiri, kumbe samaki kashaonja na katema. Ukiona uzito vuta, kama ni jani hujapoteza kitu.

Na majani kweli yatakusumbua hayo. Upepo ukipiga, mto mzima unafunikwa na majani ya mikuyu na mialoni, ukitumia chambo chenye ndoana tatu tatu kinachoogelea juujuu kila ukirusha unavuna jani. Hiyo plastiki ya ndoana moja inapenya katikati yake na kuzama, ndo sababu nyingine ya kuipenda.

Mavazi: jinzi na sweta la pamba acha nyumbani, pamba ikilowa inakutoa joto mwilini, vaa sufu au flisi, na nguo kamili za kubadilisha weka kwenye mfuko usiopitisha maji, ufunge kwenye mtumbwi. Laifu jaketi vaa, usiikalie. Chupa za kioo hawaruhusu kwenye mitumbwi. Leseni ya kuvua lazima maana umeshapita miaka 16. Na mkienda katikati ya Novemba, msimu wa kuwinda paa kwa bunduki unakuwa umefunguliwa, vaeni kofia za rangi ya chungwa hata kama hamuwindi chochote.

Kabla hamjatoka nyumbani angalieni vipimo vya maji kwenye intaneti, shirika la jiolojia la serikali ya Marekani lina mashine Meramec karibu na Steelville na nyingine karibu na Sullivan, zinaonyesha kimo cha mto wakati huohuo. Ukikuta mstari unapanda kwa kasi baada ya mvua, ahirisheni, hata kama mtumbwi mshalipia.

Halafu ukiwa pale majini ujue unateleza mahali palipokuwa pawe bwawa la serikali. Walipanga kuziba Meramec kwa ukuta, lingetokea ziwa kubwa la watu wa maboti, wananchi wakapiga kura ya maoni mwaka 1978 wengi wakakataa, na 1981 Bunge la Marekani likafuta ruhusa ya mradi. Mimi mtu wa mito nasema walichagua vizuri, ila najua wewe wa ziwani unaweza kuona tofauti.

SWALI: Kaka habari, mimi ni mutu wa Uvira, sasa niko Columbia na familia. Usiku moja tulipita juu ya mto tukaona batu wako mu mashua, taa kubwa ziko mbele, banaangalia chini na mikuki ya meno mingi. Kwetu tunavua ndagala (dagaa) usiku na taa vilevile! Hiyo hapa ni ruhusa? Na besi, nikimupiga mukuki kuna shida? — Baba wa Uvira

JIBU: Karibu sana ndugu yangu. Ulichokiona ni halali na ni desturi ya zamani ya watu wa Ozarks, msimu wake unafunguka Septemba 15 na unaendelea mpaka baridi kali, kwa sababu maji ya wakati huo ni meupe na taa inafika chini. Lakini tofauti na Ziwa Tanganyika ni hii, kwenu taa inamwita ndagala aje juu, huko taa ni ya kumuona tu samaki aliyelala chini. Wanaowapiga ni wale samaki wenye midomo ya kunyonya wanaokula sakafuni mwa mto, wana vimiba vingi vidogo, basi wanawachanja chanja ubavuni kwa kisu kikali kabla ya kukaanga ili vile vimiba viive na kutafunika, mara nyingi wanawasha moto hapohapo kwenye kokoto wanakula saa nne usiku.

Besi usimguse na mkuki. Besi na kambare wa kule wamewekwa kundi la samaki wa michezo na kundi hilo huruhusiwi kuwapiga mkuki, utalipa faini na vifaa unaweza kunyang'anywa. Lazima umtambue samaki kabla hujashusha mkono, kwenye taa na maji yanayocheza sio rahisi, kwa hiyo mwaka wa kwanza nenda na mwenyeji, wewe shika kasia yeye ashike mkuki. Na wavu wa ndagala huo uache nyumbani kabisa.

SWALI: Niaje mhariri. Mimi ni mtu wa Naivasha, huku kwetu besi tunamjua toka zamani, tunamvua kwa boti ya injini. Binamu yangu ako Springfield, Missouri ananitumia mapicha ya hao watu wakishuka mto na mtumbwi bila injini, kisha lazima watafute gari ya kuwarudisha. Si ni kujisumbua? Na besi wao ni yule wetu? — Kijana wa Karagita

JIBU: Poa sana. Sio yuleyule, ni ndugu. Wa Naivasha, aliyeletwa miaka ya 1920, ni wa mdomo mkubwa, taya lake likifungwa linapita nyuma ya jicho na ana mstari mweusi wa kulala ubavuni. Wa mdomo mdogo taya linaishia usawa wa jicho, rangi ya shaba, mistari inasimama wima, jicho mara nyingi jekundu, na anapenda mawe na maji yanayotembea, ziwa lenu la mafunjo angelichukia. Kwa kupigana akishanasa, kilo kwa kilo, mimi nampa huyu wa mtoni, na watu wa Naivasha mnitukane tu.

Kuhusu kujisumbua, hapo Springfield binamu yako yuko karibu kabisa na mahali mchezo huu ulipopata jina. Zamani wageni walikuwa wanaingia mto James pale Galena kwenye mashua ndefu za mbao zenye tumbo bapa, na mwenyeji nyuma anaongoza kwa kasia, wanateleza kama maili 125 kwa siku tano, wanalala kwenye kokoto, wanatokea Branson kwenye mto White. Kwa reli Galena na Branson ni jirani tu, mto ndo unaozunguka, kwa hiyo mashua zilikuwa zinapakiwa kwenye treni zinarudishwa zilikotoka. Miaka ya 1930 Jim Owen wa Branson akaifanya biashara kubwa. Halafu bwawa la Table Rock likakamilika 1958, ile njia ikafunikwa na ziwa, na kwenye ziwa hilo sasa hivi wamejaa watu wa maboti ya injini kama wewe.

Na kwa kuwa najua swali linalofuata ni kama wanaliwa: wanaliwa, ila wengi wanamrudisha majini kwa sababu huyu wa mtoni anakua polepole. Mito mingi ya Missouri unaruhusiwa wa inchi 12 kwenda juu, kwenye vipande vilivyotengwa ni mmoja tu kwa siku na awe amefika inchi 15, na wajawazito na watoto wanaambiwa wasile mara kwa mara wakubwa wakubwa sababu ya zebaki. Binamu yako aombe kitabu cha kanuni pale anaponunua leseni, kinatolewa bure, aangalie jina la mto wake ukurasa kwa ukurasa maana mto mmoja unaweza kuwa na kanuni mbili, juu ya daraja hii na chini yake nyingine.