Vitabu Vilivyotubishanisha: Maswali na Majibu

Chama chetu cha wasomaji hapa Tanga kilimtaka kila mwanachama ataje kitabu kimoja alichokisoma hivi karibuni na kukipenda, na orodha hiyo iliposambaa tuliletewa maswali. Nayajibu haya machache.

Ni kitabu gani kilichotajwa na wanachama wengi?

Ni *Vuta N'kuvute* cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1999, na sehemu ya sifa hiyo inastahili kwenda kwa filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, kwa kuwa ndiyo iliyowafanya vijana wetu waitafute riwaya yenyewe. Walitarajia kisa cha mapenzi tu kati ya Yasmin, msichana wa Kihindi anayemkimbia mume aliyemzidi umri kwa mbali, na Denge, mwanaharakati anayeandamwa na makachero wa serikali ya kikoloni Unguja. Lakini wengi wao wamerudi wakimzungumzia Mwajuma, shoga anayempokea Yasmin bila kujali asili yake. Kuhusu Denge hatukuelewana hata kidogo. Wanawake wa chama karibu wote wanamlaumu, nami nawaunga mkono, maana ujasiri alionao mbele ya dola ni mkubwa kuliko uangalifu alionao kwa wanaompenda. Hata hivyo, naona kwamba kasoro hiyo ndiyo inayomfanya awe mtu na si bango la siasa.

Mbona ninyi watu wa Tanga hamkumtaja Shaaban Robert, mwenyeji wenu?

Alitajwa, ila mara moja tu. Mwandishi huyu aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 ameponzwa na mitihani: wengi wetu tulimsoma shuleni tukitafuta dhamira na tamathali za usemi za kujibia maswali, na tulipomaliza shule tukadhani tumemmaliza na yeye. Mwanachama aliyemtaja alichagua *Wasifu wa Siti binti Saad*, ambacho shule nyingi hukipita. Humo tunamfuata Siti, binti wa kijiji cha Fumba huko Unguja, aliyezaliwa katika ufukara, hadi anapokuwa mwimbaji wa taarabu ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Ni kitabu chembamba na mawaidha yake ni mengi kuliko ninavyopenda, lakini heshima ya mwandishi kwa msanii aliyedharauliwa kwa unyonge wa nasaba yake haina unafiki.

Nimeshasoma *Paradise* cha Abdulrazak Gurnah kwa Kiingereza. Je, kuna faida ya kukirudia kwa Kiswahili?

Ipo. *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anadhani anafuatana na mjomba wake Aziz, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Kejeli za Khalil, kijana anayeuza duka la Aziz, na ukali wa mnyapara safarini vinasikika kama maneno ya watu tunaowajua, na wazee wetu waliosimuliwa habari za misafara ya bara walikisoma kwa hamu kuliko vijana. Usivilinganishe vitabu hivyo sentensi kwa sentensi, usije ukageuka msahihishaji.

Nimeianza *Nagona* ya Kezilahabi mara kadhaa nikaiacha. Je, tatizo ni langu?

Hapana, kwani hata kwetu wapo walioishia njiani. Riwaya hiyo ya mwaka 1990 haina kisa kinachokwenda moja kwa moja. Anza na *Rosa Mistika* ya mwaka 1971, iliyowahi kuzuiwa shuleni, kisha *Kichwamaji*, ndipo uirudie *Nagona* ukiisoma kwa sauti.

Nataka kitabu cha kusoma safarini, kisichonichosha.

Chukua *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Mohamed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake watakufikisha.

Vitabu hivi vya zamani mnavipata wapi?

Huanza na maktaba ya mkoa, kisha wauzaji wa vitabu vilivyotumika. Nakala ikiwa moja tu, mmoja wetu husoma sura kwa sauti na wengine husikiliza. Nakala zilizopigwa picha na kurushwa kwenye simu hatuzipokei ikiwa kitabu bado kipo madukani.