Shajara ya Mhusika Haijui Kesho

Mara ya kwanza nilipoandika shajara kwa sauti ya mhusika wa riwaya, nilichofanya hasa ni kufupisha sura na kuweka "mimi" mahali pa jina lake. Mhusika alikuwa msichana wa miaka 12. Mama yake ameondoka usiku, na watu wazima wanamwambia kasafiri. Nikaandika: "Leo mama ametutoroka, na hatarudi kamwe." Mwalimu wangu alipigia mstari sentensi hiyo, akauliza pembeni: amejuaje?

Hakujua. Niliyejua ni mimi, kwa kuwa nilikwisha kumaliza kitabu.

Tangu hapo, kabla ya kushika kalamu, hurudi kwenye ukurasa wa tukio nikajizuia kufunua unaofuata. Najiuliza: hadi usiku huu mtoto huyu ameona nini, amesikia nini nyuma ya mlango, ameambiwa uongo gani akauamini? Swali hilo la mwisho ndilo lenye utajiri. Nilipomwandika upya yule msichana, alisema: "Mama kasafiri. Lakini viatu vyake vyote vipo mlangoni. Nimevihesabu mara mbili." Msomaji anaelewa zaidi ya mwandishi wa shajara, na maumivu yanakaa hapo katikati yao.

Angalia pia njeo, yaani wakati unaoonyeshwa na kitenzi. Shajara huandikwa jambo lingali moto, usiku uleule, kwa hiyo "wamekuja" na "amenipiga" huwa na uhai mkubwa. Ukijaza "walikuja" na "alinipiga" kila mstari, utamsikia mtu mzima akikumbuka utoto wake. Misamiati ya insha nayo iache. Mtoto haandiki kwamba amegubikwa na simanzi. Anaandika kuwa tumbo linamuuma na hataki kula. Wala haelezi "kaka yangu, ambaye ana miaka 15". Nani huiambia shajara yake umri wa kaka yake?

Tarehe zifuate riwaya. Kama haikuzitaja, hesabu siku tangu tukio.

Na usilazimishe kila siku ijae ukurasa. Mtoto anaweza kuandika kurasa mbili juu ya paka aliyepotea, kisha siku nzito kuliko zote akashindwa. Katika shajara ya msichana wangu, siku ninayoipenda kuliko zote ni hii, nayo ni yote aliyoandika:

"Leo viatu vimeondolewa mlangoni. Sijauliza."