Zambarau Iliyonidanganya Maabara

Dondoo langu la kwanza la majani lilitia fora kwenye kipimo cha DPPH, kinachoonyesha uwezo wa kuzima chembe haribifu. Myeyusho wa DPPH ni zambarau iliyokolea. Ukikutana na kitu cha kuzima chembe haribifu, unapauka na kuwa wa njano. Wangu ulipauka hata sijauweka gizani zile dakika 30. Niliposoma rangi kwenye mashine ya kupima mwanga, nanomita 517, dondoo lilikuwa linakikaribia kidhibiti changu cha kulinganishia, vitamini C. Nikatembea kifua mbele.

Nikalipeleka kwenye seli za saratani, kipimo cha MTT, kinachoonyesha seli zipi bado ziko hai. Huku rangi zinakwenda kinyume: MTT ni ya njano, na seli zilizo hai ndizo huigeuza zambarau. Vishimo vyangu vyote vya sahani ya seli vikawa zambarau, hata vyenye dozi kubwa kabisa. Nikaandika daftarini "halina nguvu" na kulisogeza karibu na pipa la taka.

Bahati nina mazoea ya kuchungulia seli kwa hadubini kabla ya kuweka MTT, na nilikuwa nimepiga picha kwa simu. Jioni nikazitazama tena. Seli zilikuwa zimejikunyata, zimekuwa viduara, nyingi zinaelea. Hizo zimekufa, na mfu hageuzi rangi! Basi nani kaigeuza?

Dondoo lenyewe. Kemikali zilezile zilizoipa DPPH elektroni ziliipa na MTT, bila kuhitaji seli hata moja. Kadiri dondoo lilivyo kali kwenye kipimo cha kwanza, ndivyo linavyoweza kukudanganya kwenye cha pili.

Kwa hiyo tenga vishimo visivyo na seli: chakula cha seli, dondoo na MTT, basi. Vikigeuka zambarau, ondoa dondoo na uoshe seli taratibu kabla ya kuweka MTT, au tumia kipimo kingine, mfano sulforodamini B inayotia rangi protini za seli. Weka pia vishimo vya seli zenye DMSO, kiyeyushi cha dondoo, bila dondoo lenyewe, maana nacho huua kikizidi. Mimi sivuki asilimia 0.5. Na sampuli ya mmea ihifadhiwe kwa mtaalamu wa mimea kabla hujasaga chochote. Hilo halina mjadala.

Jirani aliposikia ninachofanya aliomba unga wa majani ampelekee mgonjwa. Nilikataa. Hata jiki inaua seli za saratani kwenye sahani. Vinkristini, dawa ya saratani, ilitoka kwenye mmea, Catharanthus roseus, lakini hospitalini hupimwa kwa miligramu na kuingizwa kwenye mshipa. Huko hakuna anayechemsha majani.

Kipimo nilikirudia, safari hii nikaosha seli. Nusu ya seli za saratani zilikufa kwa mikrogramu 40 kwa mililita. Nikajaribu seli za Vero, za figo ya tumbili, zisizo na saratani: 44. Dondoo halikuwa likibagua. Nikafuta "halina nguvu" daftarini, nikaandika "sumu".