Sarafu yenye kiumbe au mmea wa kwetu

Ami, umeuliza kama kuna sarafu yenye mnyama au mmea wa Unguja na Pemba, maana unazoziona zote ni za bara. Mmea upo: sarafu za Zanzibar za 1908, enzi za Sayyid Ali bin Hamud, zina mnazi. Zilikuwa za senti 1, 10 na 20, na ukipata moja leo usiifute kwa ndimu, utaiharibu thamani.

Upande wa viumbe, tafuta senti 5 ya Tanzania ya 1966. Ile ina sulisuli, samaki ambaye wavuvi wa mkondo wa Pemba wanamjua vizuri kuliko aliyemchora. Senti 20 ilikuwa na mbuni, senti 50 sungura.

Wanyama wa sarafu zilizofuata ni wa mbugani. Shilingi mia ina swala, hamsini ina kifaru na mwanawe. Linalonichekesha ni sarafu mbili zenye sura ya Mzee Karume: mia mbili, nyuma yake simba, na mia tano ya 2014, nyuma yake nyati. Simba wa mwituni Unguja utamwona wapi?

Kima punju, ambaye duniani kote asili yake ni Unguja tu, alistahili nafasi hiyo kuliko nyati. Karafuu nayo ilifika hadi kwenye bendera ya Zanzibar ya Disemba 1963, mbili ndani ya duara la kijani.